Jumanne Niliyomtoroka Mgonjwa Wangu

Mama yangu, Mungu amrehemu, akisema kwamba mimi nilizaliwa masikio kwanza, kichwa kikafuata. Wageni wakija nyumbani, watoto wenzangu wanakwenda kucheza, mimi najibanza nyuma ya pazia nisikilize nani kaachwa na nani kaozwa. Nilichapwa sana kwa tabia hiyo. Basi mkisikia kwamba Mzee Faki wa Madungu alifanya kazi ya kukaa kitini akisikiliza mambo ya watu, akalipwa mshahara na sasa anakula pensheni yake, jueni kwamba fimbo zile hazikufaa kitu.

Nimeombwa niwaandikie nyinyi vijana mnaoingia kazi ya afya ya akili hapa Pemba. Nimekubali kwa sharti kwamba nisiandike mafanikio. Mafanikio yameshaandikwa kwenye ripoti, na ripoti zile nyingine nimeziandika mimi mwenyewe, kwa hiyo najua thamani yake. Nitakuandikieni kosa moja kubwa, na vijikosa vilivyolizunguka.

Nilianza kazi kama muuguzi wa sindano na vidonge. Tiba ya maongezi nilijifunza ukubwani, ndevu zimeshaanza mvi. Vitabuni wanaiita saikodainamiki. Jina refu, lakini jambo lenyewe si refu. Mtu anaumwa na kitu asichokijua, au anakijua ila amekifungia ndani na ufunguo kautupa. Humpi dawa wala nasaha. Unakaa naye siku ile ile, saa ile ile, kiti kile kile, wiki baada ya wiki, mpaka kile kitu kije chenyewe chumbani. Na hakiji kama hadithi tu. Kinakuja kikakushika wewe uliyekaa mbele ya mtu huyo, kikakufanya uwe mama yake, au mume wake, au mwalimu aliyemtia bakora.

Aliyenifundisha ni mwanamama wa Tanga, Dokta Mwanaidi, aliyekuja kwetu akakaa miaka michache kisha akarudi bara. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri na mkubwa kwangu kwa kila kitu kingine. Siku ya kwanza aliniambia, "Mzee Faki, humo ndani hutakuwa Faki. Utakuwa mtu wao. Kazi yako ni kujua umekuwa nani." Nikaitikia kwa heshima, na sikufahamu hata neno moja.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa hii. Mgonjwa akitoka, naandika kila kilichosemwa, changu na chake, kwa kumbukumbu. Kisha namsomea. Safari ya kwanza nilimsomea mazungumzo yangu na mama mmoja aliyefiwa. Nikasoma kwa sauti nzuri, maana mimi ni msomaji mzuri. Nilipomaliza akaniuliza, "Alilia mara ngapi?"

"Mara moja, Dokta."

"Na wewe umemwambia subira mara ngapi?"

Nikahesabu kwenye karatasi. Mara saba.

"Sasa nani kati yenu alikuwa hawezi kuvumilia?"

Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Lakini nifikirieni na mimi. Kwetu mtu akilia unamwambia nyamaza, mshukuru Mungu, ndiyo dunia. Kumwacha mtu alie mbele yako huku umekaa tu, mikono mapajani, ni ukatili, ni kama umemuona anazama ukakaa kuangalia. Ilinichukua mwaka mzima kujua kwamba subira zangu nyingine zilikuwa kizibo. Mtu anafungua chupa, mimi naiziba, kisha namlaumu hataki kusema. Subira ni neno tukufu na mimi bado nalitumia, lakini nalitumia baada ya mtu kumaliza kulia.

Kisha kukawa na suala la mlango. Vitabu vinasema chumba kifungwe, mtu awe huru. Dini inasema mwanamume na mwanamke wasio maharimu wasijifungie peke yao. Dokta Mwanaidi alikuwa hana shida hiyo, wagonjwa wake wengi walikuwa wanawake wenzake. Shida ilikuwa yangu. Tukaijaribu kila namna. Tulipoacha mlango wazi, waliokuja kupima presha wakawa wanachungulia na kutoa salamu, na salamu yetu mnaijua, haishi mpaka aulizwe hata mbuzi. Mwisho tukapata ufumbuzi: mlango unarudishwa nusu, na Bi Asha, mfagizi wetu, anakaa kwenye benchi la upande wa pili wa ukumbi. Anatuona, ila yeye hatusikii. Wengine walidhani ni kiziwi. Si kiziwi. Nilimuuliza siku moja kama husikia chochote, akanijibu, "Mzee, miye yangu yanantosha." Nimefanya kazi na madaktari wengi, sijaona aliyetunza siri kumshinda.

Kimya nacho kilinitesa. Dokta alinikataza kukijaza. Dari la chumba chetu lina misumari thelathini na mbili kwa upande unaoonekana kutoka kwenye kiti changu, nawahakikishieni, kwa sababu nimeihesabu na kuirudia. Siku za mwanzo nilikuwa nikishindwa dakika ya pili, najikuta namuuliza mtu habari za mihogo yake. Naye anashukuru, tunazungumza mihogo mpaka saa inakwisha, na kila mmoja anakwenda zake amefurahi na hana alichopata.

Na kuku. Mzee mmoja wa Makangale alikuja kwangu kwa miezi minne kwa sababu ya kukosa usingizi, kisha siku moja akaja na kuku hai kafungwa miguu, akamweka chini ya kiti, tukazungumza saa nzima huku kuku anachangia. Nilipomsomea Dokta kwa simu, maana alikuwa ameshaondoka kisiwani, akaniuliza, "Yule kuku alikuwa anasema nini?" Nikamwambia, Dokta, kuku alikuwa anataka kufunguliwa miguu. Akacheka, kisha akasema, "Wiki ijayo hatokuja." Kweli, hakuja tena. Kuku ndiye alikuwa kwaheri. Watu wetu wanaaga kwa kila kitu isipokuwa kwa mdomo. Hilo nililiandika kwenye daftari, nikalipigia mstari, na bado halikunisaidia siku yangu ilipofika.

Sasa nakuja kwa Bi Mize. Jina silo, na kijiji nitakachokutajieni sicho, na vitu vingine viwili vitatu nimevigeuza. Mwenyewe nimemuomba ruhusa, akanipa, akasema, "Andika, lakini nisijijue." Basi ukidhani unamjua, humjui.

Alikuja na mumewe, Kombo, mvuvi wa Vitongoji, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kakonda, kanga imemzunguka mara mbili. Chakula kilikuwa hakipiti kooni. Alikuwa ameshapigwa picha, ameshaingizwa mpira wenye taa, ameshasomewa, ameshafukizwa. Koo zima halina kidonda. Alikuwa akinywa uji mwepesi na chai, basi.

"Limeanza lini?" nikauliza.

Akajibu Kombo. "Tokea Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Wifi yake alipokuja."

Wifi huyo ni dada yake Kombo, anakaa Unguja mjini, hakujaaliwa mtoto. Alikuja kumuomba Raya, binti yao wa miaka sita, akamlee. Atasoma skuli nzuri, atakaa kwenye nyumba ya umeme na maji. Kombo alikuwa ameshakubali. Bi Mize hakukataa. Hakukubali pia. Kila akiulizwa, koo linafunga. Wakakubaliana wifi aje kumchukua mtoto baada ya Idi Kubwa. Sisi tulikuwa kwenye Rajabu.

Mnaona hesabu yangu? Nilikuwa na miezi kama mitano. Nilikuwa na mwanamke anayekauka, na mtoto anayengojewa, na mwanamke huyo ndiye pekee anayeweza kusema ndiyo au siyo, na kinywa chake kimefungwa. Nikiri kwamba mdadisi ndani yangu alifurahi. Mbea anataka kujua ili kesho apate la kusema. Sisi tunataka kujua ili yule aliye mbele yetu apate la kusema leo. Lakini wote wawili tunakaa nyuma ya pazia lile lile, na si vizuri kujidanganya.

Tukaanza Jumanne, saa nne asubuhi. Alikuja peke yake, kwa gari za abiria mpaka Chake, kisha kwa miguu. Wiki za mwanzo aliniita dokta. Nilimuuliza habari za utotoni kwake akanambia hapana la kusimulia: kazaliwa Vitongoji, kakulia Makangale kwa shangazi yake. Shangazi alikuwa mwema, kamsomesha, kamuoza vizuri.

"Ulikwendaje Makangale?"

"Nilipelekwa tu."

"Na nani?"

"Na baba." Akaangalia dirishani. "Lakini sikuteswa, dokta. Wallahi sikuteswa hata siku moja."

Mkimsikia mtu anakataa jambo ambalo hakuulizwa, tegeni sikio. Mimi nilitega, lakini sikusukuma. Wiki ya sita akaacha kuniita dokta, akaanza kuniita ami, kama ndugu wa baba yake. Andikeni siku mgonjwa anapobadilisha jina analokuiteni. Ni alama kubwa kuliko kilo kwenye mizani. Na kilo pia zilikuja: mkate uliolowekwa kwenye chai ukaanza kupita. Mimi nikaanza kujiona bingwa.

Hapo ndipo macho ya mke wangu yalipohitaji kupasuliwa. Nikapata nafasi Unguja kwa ghafla, wiki mbili. Na nyinyi nyote mliozaliwa hapa mnajua tulivyolelewa: safari haitangazwi. Mtu haendi barazani akasema kesho naondoka, akajitafutia macho ya watu. Unakwenda, ukirudi salama ndiyo watu wanajua ulikwenda. Nilimuarifu mkuu wangu wa kazi peke yake. Wagonjwa nikapanga waambiwe wakishafika.

Jumanne ile ya mwisho Bi Mize alikuja kachangamka. Mwisho wa saa nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikamwambia kwa furaha, "Jitahidi ule. Nikuone umenenepa. Tutaonana Jumanne, inshallah."

Nilijua kwamba Jumanne sitokuwepo. Hiyo inshallah niliitia kama mtu anayeacha dirisha wazi la kutokea, na Mola anisamehe kwa kulitumia jina lake hivyo.

Niliporudi, hakuja. Jumanne ya pili, hakuja. Ya tatu, hakuja. Ramadhani ikaingia na kutoka. Nikampigia Dokta Mwanaidi kutoka kwenye ngazi za tangi la maji, ndipo mtandao ulipokuwa unakamata. Nikamwambia mgonjwa kaacha tiba, pengine kapona.

"Ulimwambia unakwenda?"

"Dokta, kwetu safari haitangazwi."

Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Nilijua ile ni dawa yangu mwenyewe ananinywesha, na nikashindwa dakika ya pili kama kawaida.

"Nilimwambia tutaonana Jumanne," nikasema.

"Ulikuwa nani siku hiyo, Mzee Faki?"

Sikujua. Nilihisi kuna kitu, kama mtu anayenusa moshi na haoni moto. Nilitaka nifunge safari mpaka Vitongoji na mtu mzima mmoja, tukaombe radhi kwa heshima, kama inavyofanywa. Dokta akanikataza. Alisema nikienda kwake nitakuwa nimeingia kwa miguu yangu, na yeye atalazimika kunikirimu, na kosa litafunikwa na chai. "Mwachie mlango. Mwambie ukweli. Kisha mngojee wewe, kama alivyokungojea yeye."

Zikabaki wiki tano hadi Idi Kubwa, na hapo Kombo akaja kituoni kufungwa kidole kilichochomwa na mwiba wa samaki. Kanambia mkewe amerudi kwenye chai ya rangi. Mkate haupiti tena. Mtoto ameshanunuliwa begi.

"Mwambie Jumanne saa nne nipo," nikasema. "Na mwambie hivi, neno kwa neno: Mzee Faki aliondoka bila ya kukuaga, na alijua, na amekosa."

Kombo akanikodolea macho. "Mzee, weye ndo wa kumuaga mke wangu?"

"Ndiyo."

Akacheka mpaka muuguzi akamwambia atulize mkono. Lakini alikuwa mtu wa amana. Ujumbe ulifika.

Jumanne akaja. Kanga imemzunguka mara tatu sasa. "Assalaam alaykum, dokta," akasema. Ami ilikuwa imekwenda zake. Akakaa. Bi Asha akakaa kwenye benchi lake. Kimya kikaingia, nami nikapanda kwenye misumari yangu. Nilikuwa na maneno tele mdomoni: macho ya mke wangu, nafasi ya ghafla, daktari wa Unguja. Yote ya kweli. Na yote, niliyasikia nikiyaonja, yalikuwa ya kunisafisha mimi.

Nilifika msumari wa ishirini na kitu. Akasema, "Kila ntu ana udhuru wake."

"Nilikuwa na udhuru," nikasema. "Lakini ulikuja ukakuta mlango umefungwa."

"Nilikaa."

"Ulikaa muda gani?"

"Hata adhuhuri. Waliniambia huko, kenda Unguja. Nikasema hapana, kasema Jumanne. Nikakaa. Bi Asha kanipa andazi." Akashika koo. "Nikalitia kinywani. Halikwenda."

Nikangoja.

"Pweza," akasema.

Sikufahamu. Nilitaka kuuliza pweza gani. Nikauma ulimi.

"Shangazi alipika wali na mchuzi wa pweza. Siku ile. Baba kanikalisha ukumbini, kaniekea sahani mbele yangu. Kanambia, kula mwanangu, umalize, nikirudi nikukute umemaliza, nakwenda hapo dukani kukununulia halua. Na pweza, ami, hutafunwa wee. Miye ntoto, meno yenyewe yanangʼoka. Nikatafuna. Nikatafuna. Nikainua macho hayupo. Nikasema nikimaliza atakuja. Nikamaliza. Nikala hata ya ukokoni."

Alisema yote hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Baba yake alikuja tena baada ya miezi saba, na zawadi. Hakuna aliyefanya ubaya, mnielewe. Ndivyo tunavyofanya: mtoto anatorokwa ili asilie, na huo tunauita huruma. Mimi mwenyewe nimewatoroka wangu mara ngapi, nikienda kazini, kwa kuruka dirisha la jikoni.

Na hapo moshi ukaonyesha moto. Jitahidi ule, nilimwambia. Nikuone umenenepa. Kisha nikaondoka. Katika wanaume wote wa kisiwa hiki nilikuwa nimekwenda kumchagua baba yake, nikamrudia neno kwa neno, na hakuna aliyenifundisha maneno hayo.

"Na mimi nilikwambia ule," nikasema, "kisha nikakutoroka."

Akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile na mtu niliyemzidi umri.

"Weye mrongo," akasema.

Benchi la Bi Asha likalia. Mwanamke wa Vitongoji, mwenye adabu zake, anamwambia mzee mwenye ndevu nyeupe ofisini kwake kwamba ni mrongo. Kila kitu nilicholelewa nacho kilisimama ndani yangu. Subira ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nasaha ilikuwa nyuma yake. Nikazimeza zote mbili kwa tabu.

"Ndiyo," nikasema. "Nilisema Jumanne, na nilijua sitokuwepo. Nilikudanganya."

Basi akalia. Alilia kwa muda uliobaki wote, na saa ilipokwisha nikaongeza robo, jambo ambalo halifai na ambalo ningelifanya tena. Sikumwambia nyamaza. Alipotoka alimwomba Bi Asha maji, akanywa gilasi nzima amesimama, kisha akaomba nyingine.

Msidhani alikwenda nyumbani akala biriani. Wiki iliyofuata alikuwa na hasira zaidi, na iliyofuata hakuwa na la kusema. Lakini alikuja. Wiki moja kabla ya Idi alikuja akanambia amezungumza na mumewe na wifi yake kwa simu, spika imewekwa wazi, wote wanasikia. Kawaambia Raya atakwenda Unguja kwa likizo, wiki tatu, na atarudi skuli yake ya hapa. Wifi akanuna. Kombo akauliza mbona hukusema siku zote hizo. "Nikamwambia nilikuwa natafuna," akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyomuona anacheka.

Siku ya safari akampeleka mtoto mwenyewe mpaka bandarini Mkoani. Alikuwa ameshamuonyesha siku ya kurudi kwenye kalenda ya ukutani, kamchorea duara. Mtoto alilia kwa sauti ya kupasua masikio, kamng'ang'ania kanga. Mwanamke mmoja wa makamo aliyekuwa kwenye foleni akamuonea huruma, akamwambia, "Mwanangu, ungemdanganya kidogo tu ukantoroka, angenyamaza."

"Hatorokwi ntu hapa," Bi Mize akamjibu. "Mwache alie. Analia la haki."

Siku iliyochorewa duara alikuwa bandarini tangu alfajiri, na meli inaingia karibu na adhuhuri. Nilimuuliza kwa nini alikwenda mapema vile. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

Aliendelea kuja mwaka mmoja na nusu baada ya hapo, mpaka nilipostaafu. Koo lilifunguka kidogo kidogo. Mengine tuliyozungumza ni yake. Mimi nilibadilisha jambo moja katika kazi yangu, na ndilo ninalokuachieni: likizo yangu naitangaza. Mwezi mzima kabla. Naandika tarehe kwenye karatasi, nampa mgonjwa mkononi. Wenzangu walinambia najitafutia hasadi. Nikawaambia naisoma sura ya Falaq kila asubuhi, na hasadi itanikuta na tarehe zangu mkononi.

Kwa hiyo nilipokaribia kustaafu niliwaambia wote miezi sita kabla. Wengine walinipa pole, wengine wakaacha kuja wiki ile ile, wamenitoroka wao kabla sijawatoroka mimi, na sikuwalaumu. Mmoja akaniletea kuku, na safari hii nilijua anasema nini. Bi Mize alihesabu. Kila Jumanne akikaa tu anasema, "Zimebaki kumi na moja, ami." "Zimebaki saba." Wiki nyingine alikasirika, wiki nyingine alinitania kwamba nitakwenda kufuga bata. Nami nilianza kuziogopa hizo hesabu kuliko yeye.

Jumanne ya mwisho tulikaa kama siku zote. Mlango nusu, Bi Asha benchini. Alizungumza habari za Raya, aliyekwisha kuwa mrefu na mjeuri. Alizungumza habari za baba yake, aliyekwenda kumtembelea na kumuuliza juu ya halua ile, na mzee akasema haikumbuki. Hakuleta kuku wala ndizi. Nikaona saa imebaki dakika mbili. Kwa kawaida mimi ndiye ninayesema haya, saa imekwisha, na mimi ndiye ninayesimama kwanza, namsindikiza mpaka mlangoni. Nikaweka mikono kwenye kiti nisimame.

"Kaa, ami," akasema.

Nikakaa.

Akasimama yeye. Akajitanda kanga yake vizuri, mzunguko mmoja tu, mwili umejaa. "Leo miye ndo niondokae," akasema. "Na nakuaga. Kwaheri, ami. Sitorudi."

"Kwaheri, Bi Mize," nikasema.

Akatoka bila ya kugeuka. Nikasikia kandambili zake ukumbini, kisha barazani, kisha kwenye kokoto za nje, kisha sikuzisikia tena. Nikajaribu kuhesabu misumari ya dari, nikashindwa kuiona. Bi Asha akaingia na ufagio wake, akaniona, akarudi nyuma. Hakunambia nyamaza. Akaurudishia mlango nusu, akaenda kukaa benchini kwake mpaka nilipomaliza.